Kupanga Kabla ya Kujenga: Kisa cha Mwalimu Mstaafu Kati ya Lushoto na Tanga

Mwezi Agosti 2023 mjomba wangu, mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya serikali jijini Dar es Salaam, alitimiza miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma nchini Tanzania hulazimika kustaafu. Alikuwa amefundisha miaka 30 kamili. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na hakuwahi kuajiriwa, alikuwa na miaka 57, shinikizo la damu lililohitaji dawa za kila siku, na magoti yaliyoanza kumsumbua. Walikuwa na nyumba yao Tabata, watoto watatu waliokwisha kujitegemea, na hamu ya miaka mingi ya kuondoka katika joto na kelele za jiji. Wameniruhusu niandike kisa chao bila majina, na ninakiandika kwa sababu nilikuwa mle ndani tangu mwanzo: mimi ndiye mpwa aliyeitwa kuja na kikokotoo cha mkononi na daftari, na baadhi ya ushauri nilioutoa haukuwa mzuri.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zilizoweka mipaka ya kila kitu kilichofuata. Mafao ya mtumishi wa umma hulipwa na PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kwa kanuni iliyoanza kutumika Julai 2022, huchukuliwa wastani wa mshahara wa mwaka, huzidishwa kwa miezi ya utumishi, kisha hugawanywa kwa 580. Wastani wa mjomba ulikuwa shilingi 1,600,000 kwa mwezi, yaani 19,200,000 kwa mwaka, na miezi yake ilikuwa 360, kwa hiyo pensheni yake kamili ya mwaka ilifika takriban shilingi 11,917,000. Asilimia 33 ya kiasi hicho, ikizidishwa kwa 12.5, ndiyo mkupuo wa kiinua mgongo, yaani fedha zinazolipwa mara moja: karibu shilingi milioni 49. Asilimia 67 iliyobaki, ikigawanywa kwa miezi 12, ndiyo pensheni ya kila mwezi: kama shilingi 665,000. Mwaka 2024 bajeti ya serikali ilipandisha mkupuo wa watu wa kundi lake hadi asilimia 40, na wengi walifurahi, lakini ni vyema kuelewa kwamba mkupuo ukikua, sehemu ya mwezi hupungua. Kwa hesabu za mjomba asilimia 40 ingempa karibu milioni 60 mkononi na shilingi 596,000 kwa mwezi, yaani pungufu ya takriban 70,000 kila mwezi kwa maisha yake yote. Kwa mtu anayepanga kuishi kwa pensheni, bila kufanya biashara, tofauti hiyo si ndogo.

Milioni 49 ni fedha nyingi kwa mwalimu ambaye hakuwahi kushika hata milioni 10 kwa pamoja, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Mjomba alikuwa amekwisha kuamua kwamba angeuza nyumba ya Tabata, angechukua mkupuo, na angekwenda kujenga Lushoto.

Lushoto ilikuwa imemwingia moyoni miaka mingi kabla, alipowapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kuona jinsi Milima ya Usambara inavyochomoza ghafla kutoka tambarare. Mji uko kwenye mwinuko wa kama meta 1,400, na yeye mwenyewe aliwafundisha vijana wake kwamba hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 kila unapopanda meta 1,000, kwa hiyo Lushoto huwa na ubaridi wa nyuzi 8 hivi kuliko pwani siku hiyohiyo. Wajerumani waliuita Wilhelmstal na walipanda huko kuyakimbia majira ya joto ya pwani. Kuna msitu wa Magamba, kuna ukingo wa Irente ambako mtu husimama akaona nyika ya Mkomazi ikitandazwa chini yake, kuna mapeasi, karoti na kabichi sokoni kwa bei ya mkulima. Kwa mtu anayependa kutembea kwa miguu na kulima bustani, sijui mahali pengine nchini panapompa mengi kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo.

Mnamo Oktoba 2023 alipata kiwanja ukingoni mwa kijiji kimoja nje ya mji, kwa bei ya shilingi milioni 14, na muuzaji alitaka malipo ndani ya wiki mbili. Nilipouliza karatasi nilionyeshwa makubaliano ya mauziano yaliyogongwa muhuri mbele ya mashahidi. Hili ni jambo ambalo wastaafu wengi hulipitia juu juu. Kiwanja kile kilikuwa ndani ya ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie uhamisho wa haki kwenda kwa mtu asiye mkazi; makubaliano ya watu wawili, hata yakiwa na mihuri kumi, hayawezi kuchukua nafasi ya ridhaa hiyo. Muuzaji hakuwa mlaghai, bali alikuwa anauza kama baba yake alivyouza. Hata hivyo milioni 14 za mstaafu haziingii kazini tena kuzitafuta nyingine, na nilimwomba mjomba asilipe.

Nilimwonyesha pia hesabu ya ujenzi. Baada ya kiwanja zingebaki milioni 35, na kutokana na hizo kulikuwa na deni la SACCOS la milioni 5. Nyumba aliyoichora, ya vyumba vitatu, yenye msingi wa mawe juu ya mteremko, isingekamilika kwa fedha hizo. Ingefika kwenye lenta au paa, kisha ingesimama ikawa pagala, kama tunavyoyaona mapagala ya wastaafu kila wilaya. Mjomba alisema angeuza Tabata ili amalizie. Mkewe, ambaye mpaka hapo alikuwa amenyamaza, alisema nyumba ya Tabata isiuzwe. Hakutoa sababu siku ile, na sisi hatukumuuliza.

Tulikubaliana jambo moja, nalo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kisa hiki: wangepanga nyumba Lushoto kwa muda usiopungua miezi minane, wakianzia majira mazuri na kupita yale mabaya, na hakuna tofali ambalo lingefyatuliwa kabla ya muda huo kwisha. Nyumba ya Tabata ingekarabatiwa kwa milioni 6 na kupangishwa kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Milioni 5 zingelipa deni, milioni 3 zingegharimia kuhama na kodi, milioni 5 zingekaa benki kwa ajili ya maradhi, na milioni 30 zingeingia katika mfuko wa hatifungani wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, mfuko ambao mwekezaji anaweza kuchagua kulipwa gawio kila mwezi. Pensheni na kodi ya Tabata kwa pamoja zilifika takriban shilingi 1,015,000 kwa mwezi, na gawio likawa la ziada.

Kabla hawajahama palikuwa na suala la nyumbani. Mjomba ni mtu wa Ludewa, mkoani Njombe, na kaka zake walitarajia arudi. Kwa desturi yetu mtu hustaafu akarudi kwao. Asiporudi husemwa kwamba amelowea, na neno hilo huuma hata kama msemaji anacheka. Hali ya hewa ya Ludewa ingemfaa kabisa. Lakini aliondoka kijijini akiwa na miaka 14, rafiki zake wa utotoni wametawanyika au wamefariki, na safari ya kutoka huko hadi kwa watoto Dar es Salaam inahesabiwa kwa siku na si kwa saa. Mkewe angekuwa mgeni kabisa wa lugha na wa ukoo. Walipeleka mchango wa kuezeka upya nyumba ya wazazi, wakaahidi kwenda kila mwaka wa pili, na kaka mkubwa akaridhika kwa shingo upande. Naona walifanya sawa. Deni la mtu kwa kwao ni la kweli, lakini linaweza kulipwa kwa njia nyingine zaidi ya kuuhamishia huko uzee wake.

Walihamia Lushoto Desemba 2023, katika nyumba ndogo juu ya soko kwa kodi ya shilingi 120,000. Miezi mitatu ya kwanza mjomba alikuwa kijana. Alitembea hadi Magamba na kurudi, alipanda figili na spinachi, alipata wazee wenzake wa kucheza bao, akajifunza salamu za Kisambaa. Simu zake zilikuwa ndefu na zenye furaha. Simu za mkaza mjomba wangu, yaani mkewe, zilikuwa fupi. Nyumba ilifikiwa kwa ngazi zilizochongwa kwenye udongo, na kila alipotaka kwenda sokoni au kanisani alipaswa kuzishuka na kuzipanda. Kufikia Februari alikuwa akitoka mara mbili tu kwa wiki. Mume alikuwa na mlima mzima wa kutembea, na mke alikuwa na chumba na baraza.

Kisha ikaja masika ya 2024, ambayo Watanzania wengi wanaikumbuka kwa mafuriko ya Aprili; kufikia mwisho wa mwezi huo mvua zilikuwa zimeua zaidi ya watu 150 nchini. Lushoto haikuwa mahali palipoumia zaidi, lakini ukungu ulikaa siku kwa siku, nguo hazikukauka, na ngazi za udongo zikawa utelezi. Usiku mmoja wa mwezi huo shinikizo la damu la mkaza mjomba lilipanda sana. Alipatiwa huduma ya kwanza mjini na akatulia, lakini daktari alitaka apimwe moyo katika hospitali kubwa zaidi, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga mjini, zaidi ya kilomita 150. Barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ina urefu wa kilomita 33, imechongwa ubavuni mwa mlima na ina kona zisizohesabika. Asubuhi ile tope lilikuwa limeporomoka na kufunga njia. Walisubiri kwenye gari kwa saa tano, yeye akiwa ameegemea bega la mumewe, hadi tingatinga liliposafisha. Alifika Bombo jioni, akapimwa kwa kadi ya bima ya afya ya NHIF, akabadilishiwa dawa, akapona. Mjomba aliniambia baadaye kwamba katika saa tano zile alizitazama kona zote alizozipenda na hakuona uzuri hata wa moja.

Juni na Julai baridi ilishuka sawasawa. Yeye, mtoto wa Njombe, aliifurahia. Magoti ya mkewe yalivimba, na mkaa wa kuota moto ukaongeza gharama ambayo hatukuwa tumeiweka kwenye daftari.

Hapa nieleze kosa langu. Mwezi huohuo wa Juni 2024 treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kwa chini ya saa mbili na kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida. Nilichora jedwali. Niliweka gharama ya kodi, umbali wa hospitali, umbali wa watoto, hali ya hewa, matembezi. Morogoro ilishinda kwa mbali: ina hospitali ya rufaa ya mkoa, Milima ya Uluguru iko mlangoni, Hifadhi ya Mikumi si mbali, mji una Chuo Kikuu cha Sokoine na hivyo una watu wa kuzungumza nao, na mitaa kama Kihonda ni tambarare. Kwa karatasi, hata leo, ningeipendekeza kwa mstaafu yeyote mwenye watoto Dar es Salaam. Niliwapeleka wakae wiki moja. Waliporudi mkaza mjomba alisema ni mji mzuri, kisha akaniuliza, kwa upole, kama kwenye jedwali langu kulikuwa na safu ya watu. Haikuwapo. Hawakuwa na mtu hata mmoja Morogoro. Alipolazwa Bombo, dada yake alitoka Pangani asubuhi akafika kabla ya saa nne na uji kwenye chupa.

Mkaza mjomba ni mzaliwa wa Pangani, mkoani Tanga, na katika mwaka mzima wa mipango yetu hakuna aliyeuliza kama angependa kuishi karibu na kwao. Tulimjadili mwalimu kwa sababu mafao yalikuwa ya mwalimu.

Septemba 2024 wakapanga Tanga mjini, Chumbageni, kwa shilingi 200,000. Tanga haitajwi sana watu wanapozungumzia mahali pa kustaafia, na nadhani ni kwa sababu imekaa kimya muda mrefu tangu mkonge ulipoporomoka. Lakini ukimya huo ndio umeiacha na mambo ambayo mzee anayahitaji. Mji ni tambarare na mitaa yake imenyooka. Watu wa rika zote huendesha baiskeli, wanawake kwa wanaume, na mjomba alinunua ya kwake wiki ya pili. Maji hayakatiki ovyo, jambo ambalo mtu aliyetoka Tabata hulithamini kwa namna ya pekee. Mamlaka ya maji ya mji huo iliaminika kiasi cha kuuza hatifungani ya kijani mwaka 2024 na kukusanya zaidi ya shilingi bilioni 53. Hospitali ya Bombo iko dakika chache kwa bajaji. Samaki ni wa siku ileile.

Kuhusu burudani, nilidhani mjomba angenyong'onyea bila milima. Nilikosea tena. Asubuhi hushuka Raskazone kuogelea baharini, na magoti ya mkewe, ambayo mlima uliyaadhibu, hupata nafuu ndani ya maji; sasa wanakwenda pamoja mara tatu kwa wiki. Wamewapeleka wajukuu Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni. Jioni hukaa barazani na wazee ambao bado wanasimulia mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, kana kwamba filimbi ya mwisho imepulizwa jana. Mkewe ametoa cherehani kibarazani na anashona sare za shule, akilipwa kidogo, akizungukwa na watu siku nzima. Kwa Dar es Salaam wako mbali zaidi kuliko wangekuwa Morogoro, kama kilomita 350 kwa basi, na watoto hulalamika. Barabara ya pwani kupitia Bagamoyo, Saadani na Pangani, inayojengwa kwa lami, itaifupisha safari, ila sikuwashauri waweke uamuzi wao juu ya barabara ambayo haijakamilika.

Lilibaki joto. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, Tanga ni jasho usiku na mchana, na mjomba hulala vibaya. Januari 2025 alipiga simu kwa mwenye nyumba wake wa zamani Lushoto akaomba chumba kimoja, cha chini, kando ya barabara, kisicho na ngazi. Walikaa hadi katikati ya Machi, kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, wakashuka kabla masika haijakolea. Mwalimu wa Jiografia alinieleza mpango huu kwa fahari ya mtu aliyesuluhisha hesabu: miezi ambayo pwani haikaliki ndiyo hasa miezi ambayo Lushoto ni kavu, yenye jua na isiyo na ukungu; kusi likianza kuvuma, pwani hupoa na mlima huwa wa baridi na utelezi. Gharama ya ziada ya kuishi mahali pawili kwa namna hii ni kama shilingi 150,000 kwa mwaka mzima pamoja na nauli. Nyumba aliyotaka kuijenga ukingoni ingemgharimu kila alichokuwa nacho, na ingemfungia mahali pamoja ambapo panafaa kwa miezi mitatu.

Hawajanunua kiwanja Tanga. Bei zinapanda, hasa upande wa Chongoleani ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia, na watoto wanawahimiza wawahi. Mimi sioni haraka hiyo. Kodi ya 200,000 inalipwa na mpangaji wa Tabata na chenji inabaki, na milioni 30 ziko palepale zilipowekwa.

Mara ya mwisho nilipowatembelea nilimuuliza mjomba swali ambalo nilikuwa nimeliahirisha. Mkewe ana ndugu Pangani, lakini yeye hana mtu wa damu katika mkoa mzima. Itakuwaje akibaki peke yake? Naye mke akibaki peke yake pensheni haitaendelea kama ilivyo. Alimtazama mkewe, aliyekuwa akipinda shati kwenye cherehani, na mkewe akajibu bila kuinua macho kwamba swali hilo alijiuliza tangu siku ile tulipokuwa tunapiga hesabu za Lushoto, na kwamba ndiyo sababu alisema nyumba ya Tabata isiuzwe.